Tajiri mbele ya wabunge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi za ghalani

Kwa miaka mitatu nilikuwa karani katika ghala la mchele na sukari, pembezoni mwa mji wa Unguja. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka, na kuandika saa za vibarua. Tangu nilipoanza kuwasimulia wenzangu habari ya tajiri wa Uingereza aliyeitwa na wabunge akaulizwa juu ya ghala lake, maswali hayajakatika: barazani, kwenye simu, hata tukitoka msikitini baada ya Alasiri. Wengi wanaouliza ni mahamali na vibarua. Wachache ni matajiri wenyewe, na hao nawashukuru zaidi kwa sababu hawakulazimika kuuliza. Yale yanayorudi kila mara nimeyakusanya hapa.

Huyo tajiri ni nani, na aliitwa kwa kosa gani?

Ni Mike Ashley, mwanzilishi wa Sports Direct, maduka ya nguo na vifaa vya michezo aliyoyaanza mwaka 1982. Wapenzi wa mpira wanamjua kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa mmiliki wa Newcastle United kuanzia 2007 hadi 2021. Kampuni yenyewe tangu Disemba 2019 inaitwa Frasers Group.

Hakuitwa kwa mashitaka. Kamati ya Bunge haina pingu wala haihukumu mtu kifungo, aliitwa aeleze. Ghala lake kuu liko Shirebrook, katika jimbo la Derbyshire, juu ya ardhi iliyokuwa mgodi wa makaa ya mawe hadi ulipofungwa mwaka 1993. Mgodi ulipokufa, ghala ndilo likawa kazi ya mji. Disemba 2015 gazeti la The Guardian likachapisha habari za waandishi wake waliokuwa wameingia kufanya kazi mle ndani bila ya kujulikana. Waliyoyaeleza yakawashitua wananchi, chama cha wafanyakazi cha Unite nacho kilikuwa kikipiga kelele siku nyingi, na wabunge wakaona hapana budi mwenye mali aulizwe mwenyewe, uso kwa uso.

Alikubali kirahisi?

Hapana. Mwanzo alikataa. Alitaka wabunge ndio wamfuate Shirebrook wakaone kwa macho yao. Kamati ikamwambia kwamba inao uwezo wa kumwita, na kwamba akiendelea kukataa anaweza kuhesabiwa kuwa amelidharau Bunge. Dakika za mwisho akakubali, na tarehe 7 Juni 2016 akakaa mbele ya kamati iliyoongozwa na Mbunge Iain Wright. Siku ile ile waliulizwa pia viongozi wa Unite na wakuu wa wakala mbili za ajira zilizokuwa zikimpelekea watu wa kazi. Hilo la wakala lishikeni, nitalirudia.

Kamati ilikuta nini hasa ndani ya ghala lile?

Kwanza, ghala lilikuwa na watu zaidi ya 3,000, na walio wengi mno hawakuwa waajiriwa wa kampuni. Walikuwa wa wakala, na wengi wao walitoka Ulaya ya Mashariki. Mkataba wa wakala uliwahakikishia saa 336 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki, saa hizo zinamalizika katika wiki ya tisa. Kuanzia hapo hadi mwaka uishe, kila siku anayopata ni hisani. Na mtu anayeishi kwa hisani hasemi kitu.

Pili, kulikuwa na mfumo wa alama. Ukikaa chooni muda mrefu, alama. Ukizungumza sana na mwenzako, alama. Ukikosa kazi kwa maradhi, alama. Zikifika sita ndani ya miezi sita, kwaheri.

Tatu, aliyechelewa dakika moja alikatwa mshahara wa dakika 15.

Nne, na hili ndilo lililonikosesha usingizi nilipolisoma: magari ya wagonjwa yaliitwa katika eneo lile mara 110 kati ya Januari 2013 na Aprili 2016, na mara 50 katika hizo ziliandikwa kuwa ni za kuhatarisha maisha: maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kiharusi. Mara tano zilihusu uzazi na mimba. Kamati ilielezwa habari ya mwanamke aliyejifungulia chooni ghalani. Mama wa mimba pevu alikwenda kazini siku hiyo kwa sababu aliogopa kukosa zamu. Sina la kuongeza hapo.

Ripoti ya kamati ilitoka Julai 2016. Ililifananisha ghala lile na nyumba za kazi za maskini za karne ya 19, na ikasema Ashley hawezi kujivua dhamana kwa kudai hakujua.

Mbona kesi kubwa imekuwa dakika 15? Dakika 15 ni kitu gani?

Hili naulizwa na kila mtu. Si zile dakika 15 za kuchelewa, hizi ni nyengine.

Pale Shirebrook mfanyakazi alipomaliza zamu alipanga foleni kupekuliwa kabla ya kutoka, asije akaondoka na mali. Kulikuwa na orodha ya chapa zaidi ya 800 za nguo ambazo wafanyakazi walikatazwa kuvaa kazini, ili isitatanishe ipi ni ya mtu na ipi ni ya ghala. Foleni ile ilikula kama saa moja na robo kwa wiki, yaani dakika 15 kwa siku kwa siku tano. Saa ya kazi ilikuwa imeshafungwa. Muda wa foleni haukulipwa.

Sasa chukua kalamu. Kima cha chini cha sheria kule wakati huo kilikuwa pauni 6.70 kwa saa. Saa 40 kwa 6.70 ni pauni 268. Lakini mtu huyu hakushikwa saa 40, alishikwa saa 41 na robo. Gawa 268 kwa 41.25: unapata karibu 6.50. Kumbe siku zote analipwa chini ya kima cha sheria, na karatasi ya mshahara inaonesha yuko sawa. Hakuna aliyemwibia kwa kumtia mkono mfukoni. Ameibiwa kwenye foleni ya kumkagua asiibe.

Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliikumbuka milango yetu. Ghala nililofanyia kazi lilikuwa na mlango mmoja mkubwa wa bati na kimlango kidogo pembeni. Jioni vibarua wote walipitia kwenye kimlango, mmoja mmoja. Msimamizi alisimama na tochi. Ulivua kofia ukaikung'uta. Uligeuza mifuko nje. Uliinua miguu ya suruali, maana punje za mchele hujificha kwenye mkunjo. Alikuwepo mzee mmoja tuliyemwita Baba, aliyekuwa akishona magunia yaliyochanika. Yeye alitakiwa pia kuonesha shazia yake, ile sindano ya magunia, kisha aifunue ngata aliyokuwa akiivaa begani, aikunjue yote, aikunje tena. Vidole vyake vilikuwa vimeshakakamaa kwa kazi, na kuikunja ngata ile kulimchukua muda. Walio nyuma yake wakisubiri. Hakuna siku niliyosikia mtu akimharakisha.

Na mimi nilikuwa mezani na daftari, nikiandika: wote wametoka saa 11 jioni. Saa 11 ndiyo saa niliyoambiwa niandike. Mtu wa mwisho alipita kimlango saa 11 na nusu, wakati mwengine na dakika 40.

Tajiri alijibu nini?

Kwa haki yake, hakuruka kimanga katika kila jambo. Alikiri mbele ya kamati kwamba kwa sababu ya foleni ile kuna wafanyakazi waliolipwa chini ya kima cha chini. Alikubali kuwa kumkata mtu dakika 15 kwa kuchelewa dakika moja si uadilifu. Alikiri pia kwamba kampuni ilikuwa imekua kuliko uwezo wake wa kuifuatilia.

Mimi naamini kwamba mengine kweli hakuyajua. Lakini kutojua kwa tajiri kuna namna yake. Wakala hupangwa katikati, msimamizi chini ya wakala, karani chini ya msimamizi. Kila mmoja anampelekea wa juu yake habari njema tu. Mimi nilikuwa karani. Tajiri wangu angeniuliza hata mara moja, "Watu wanatoka saa ngapi?", ningemwambia. Hakuniuliza katika miaka mitatu.

Septemba 2016 Ashley aliwafungulia watu mlango wa ghala, na yeye mwenyewe akapita kwenye ukaguzi mbele ya waandishi wa habari. Alipotoa vilivyomo mfukoni, likatoka bunda la noti za pauni 50. Picha hiyo ilienea kila pahala.

Baada ya hapo wafanyakazi walipata chochote, au maneno tu?

Walipata. Agosti 2016 kampuni ilikubali kuwalipa malimbikizo ya yale waliyopunjwa, jumla yake kama pauni milioni 1. Mfumo wa alama sita ukasimamishwa. Si kila kitu kilinyooka, na wabunge waliporudi kutembelea Shirebrook Novemba mwaka huo waliondoka wakilalamika kwamba kimewekwa chombo cha kuwarekodi katika chumba walichokuwa wakizungumza. Lakini pesa zilitoka. Kwa watu waliokuwa wameambiwa miaka yote kwamba dakika zao si kitu, kulipwa dakika zile ni jambo kubwa.

Na tajiri akikataa kabisa kuja?

Inatokea. Machi 2021 Seneta Bernie Sanders wa Marekani alimwalika Jeff Bezos wa Amazon mbele ya kamati yake, na Bezos hakwenda. Aliyekwenda kuzungumza ni mfanyakazi wa ghala la Bessemer, Alabama. Ulaya walichukua njia nyengine: Februari 2024 Bunge la Ulaya liliwanyang'anya washawishi wa Amazon, watu wake wa kuwabembeleza wabunge, vitambulisho vya kuingilia majengoni mwake, kwa sababu kampuni ilikuwa imekataa kuhudhuria vikao kuhusu hali za wafanyakazi wa maghala. Ikawa kama kuwaambia: hamtaki kujibu maswali yetu, basi msije kutuombea shida zenu.

Baraza letu la Wawakilishi lina uwezo wa kumwita mwenye ghala?

Lina kamati za kudumu, na sheria ya kinga, uwezo na fursa za Baraza inaziwezesha kumwita mtu kutoa ushahidi au kuleta nyaraka. Tulichozoea kuona ni kamati kutembelea miradi na kuwauliza watendaji wa serikali: mkurugenzi huyu, katibu mkuu yule. Mwenye mali binafsi kukalishwa Chukwani, liliko jengo la Baraza, na kuulizwa vibarua wake wanatoka saa ngapi, hilo si jambo la kawaida yetu.

Nasema wazi kwamba natamani liwe. Sitaki mtu aaibishwe. Nimeona tu kwamba afisa kazi akija ghalani anakutana na msimamizi, na msimamizi anatoa daftari langu, na daftari langu linasema saa 11. Mwakilishi akiuliza mbele ya watu, jibu linabaki kwenye kumbukumbu rasmi, na mwenye mali hawezi tena kusema hajasikia. Kama jimbo lako lina maghala, Mwakilishi wako ndiye wa kuanza naye. Mpelekee barua yenye majina ya wanaokubali kutajwa, tarehe na saa. Usimpelekee malalamiko ya jumla jumla, hayamsaidii.

Sheria ya kazi ya Bara inanilinda nikiwa Unguja au Pemba?

Mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina sheria zake: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005. Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa ZSSF. Ukimsikia mtu anakutajia vifungu vya sheria ya Dar es Salaam katika mgogoro wa ghala la Wete, mwambie kwa upole kwamba amekosea mlango.

Mimi nalipwa kwa gunia, sina mkataba. Nina haki gani?

Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Aliyekwambia "njoo kesho, konteina mbili, kila gunia kiasi kadha" ameshakuajiri kwa kazi hiyo. Ubaya ni kuthibitisha, siyo haki yenyewe. Kwa hiyo ushahidi wako ni wenzako mliokuwa nao, ujumbe wa simu uliokuita, na muamala kama ulilipwa kwa simu.

Shida kubwa ya malipo ya gunia ni kungoja. Konteina imeambiwa itafika saa 1 asubuhi. Watu wamekuja alfajiri, wamekaa chini ya ukuta kufuata kivuli. Saa 4 kivuli kimekwisha. Saa 7 lori linaingia, na kazi inakwenda mbio hadi Magharibi. Mtu amekaa mikononi mwa tajiri saa 12 na atalipwa kwa magunia aliyoyabeba ndani ya saa tano. Katika Ramadhani niliwaona watu wakingoja hivyo na funga zao, na lori lisije kabisa, na wakarudi nyumbani mikono mitupu wakati wenzao wananunua futari. Mtu aliyeambiwa asiondoke yuko kazini. Hata kama sheria itachelewa kuliweka sawa, tajiri mwenye imani anaweza kuliweka sawa kesho: nauli na kifungua kinywa kwa aliyeitwa akangojeshwa. Namjua mmoja anayefanya hivyo. Ghala lake halijawahi kukosa watu.

Na wakala? Mwenye ghala anasema sisi si watu wake.

Ndilo lile nililosema tulishike. Kwetu wakala mara nyingi si kampuni yenye ofisi. Ni mtu mmoja mwenye simu, tunamwita nyapara au mkuu wa gengi. Tajiri anampa fedha ya jumla, yeye anagawa. Ukiumia, tajiri anasema muulize nyapara, na nyapara hana hata bima ya baiskeli yake. Kabla ya kuanza kazi muulizeni tajiri mbele ya nyapara: akiumia mtu, nani anampeleka hospitali? Jibu lisikiwe na watu zaidi ya wawili.

Gunia la kilo ngapi ni halali kubebwa na mtu mmoja?

Pendekezo Namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55, na palipo na zaidi juhudi zifanywe kuupunguza. Kwa wanawake na vijana uwe mdogo zaidi sana. Magunia mengi ya mchele na sukari siku hizi ni ya kilo 50, kwa hiyo kwenye karatasi tuko ndani ya mstari.

Lakini hamali atakwambia kwamba kilo si uzito peke yake. Kilo 50 kwenye sakafu kavu si kilo 50 juu ya ubao wenye unyevu, ukipanda kupanga safu ya kumi na mbili karibu na bati, na jua la saa 8 liko juu ya bati hilo hilo. Tazama ubao kabla ya kutazama gunia.

Vidonge vya kuua fukusi vina madhara?

Vinaua. Naomba hapa msomaji asipite haraka.

Vidonge vinavyotumika sana kwenye nafaka vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu, na haichagui. Watu husema ina harufu ya kitunguu thomu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua. Unaweza usiisikie nayo ipo. Ghala lililotiwa dawa hufungwa, huwekwa alama mlangoni, na halilaliwi. Kabla ya watu kuingia milango na madirisha hufunguliwa muda wa kutosha na kupimwa. Nimeona vidonge vikitupwa jioni na vibarua wakiingizwa asubuhi, na mlinzi akilala kwenye veranda iliyopakana. Alikuwa akiamka na kichwa kinamuuma na kichefuchefu, na tukimwambia anywe maziwa. Maziwa si dawa ya fosfini. Mtu akipata kizunguzungu, kubanwa kifua au kutapika ndani ya ghala lenye dawa, mtoeni nje kwenye hewa na mpelekeni hospitali, mkachukue na chupa au karatasi ya dawa daktari aione.

Maghala ya karafuu Pemba nayo yamo?

Yamo, kwa namna yake. Mnunuzi wa karafuu ni shirika la serikali, ZSTC, kwa hiyo wa kuulizwa Barazani yuko wazi. Kazi ya kupepeta, kufunga na kupakia inafanywa na watu wa msimu, na vumbi la karafuu linawasha macho na koo. Anayekaa nalo kutwa anastahiki barakoa nzuri na maji ya kunawa. Mwenzangu wa Chake Chake anasema ukitoka kule hata uji unaonja karafuu siku tatu. Kabla ya ghala wako wachumaji, wanaoanguka mikarafuuni kila msimu, na habari yao inataka maandishi ya peke yake.

Tajiri naye ana haki ya kujikinga na wizi?

Anayo. Mali inapotea, nimehesabu mwenyewe magunia yaliyopungua. Anayetaka kukagua akague, lakini ndani ya saa za kazi. Simamisha kazi saa 10 na nusu, kagua, watu watoke saa 11. Au weka wakaguzi wawili badala ya mmoja. Wanawake wakaguliwe na mwanamke, pahala pa faragha. Na wote wapite, karani na msimamizi pia. Nilipokuwa mezani na daftari hakuna aliyenigeuza mifuko, na mimi ndiye niliyekuwa na kalamu ya kuifuta hesabu.

Nikisema nitafukuzwa. Unanishauri nini?

Khofu yako ni ya kweli, sitakudanganya kwamba sheria inatosha. Usiseme peke yako. Sheria ya Mahusiano Kazini inakupa haki ya kujiunga na chama, na vyama vilivyo chini ya ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, ndivyo vinavyoweza kuandika barua bila ya jina lako kuwa la kwanza. Malalamiko rasmi yanapelekwa Kamisheni ya Kazi, na migogoro ina kitengo chake cha usuluhishi kabla ya kufika Mahakama ya Kazi. Walioko Pemba wasiambiwe wavuke bahari, huduma za kazi ziko kisiwani.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya sheria hizi zote. Agosti 1948 wachukuzi wa bandarini mjini Unguja waligoma kwa ajili ya ujira, wakati maisha yamepanda. Mgomo ukatoka bandarini ukaingia mjini, hadi Septemba, na serikali ya kikoloni ikalazimika kukaa kusikiliza watu iliokuwa imezoea kuwahesabu kama mizigo. Hawakuwa na mikataba ya maandishi. Walikuwa wengi, na walisema jambo moja.

Nianze na nini leo?

Daftari. La skuli, la kurasa 40, linatosha. Andika tarehe, saa uliyoambiwa uje, saa uliyofika, saa kazi ilipoanza, saa kazi ilipokwisha, na saa uliyopita mlangoni. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Andika siku hiyo hiyo, usingoje wiki. Kama hujui kuandika, mtoto wako aandike wakati wa kula. Miezi miwili ya daftari la namna hiyo, la watu watano, ni kitu ambacho afisa kazi au Mwakilishi anaweza kukiweka mezani.

Na yale madaftari uliyoandika wewe yako wapi?

Yako ghalani kwa tajiri, na ndani yake kila siku watu wametoka saa 11. Si kweli. Niliandika kwa mkono wangu na najua ni siku ngapi. Kama Baba, au yeyote kati ya wale vibarua waliokuwa wakipita kimlango, ataamua kudai, na kikahitajika kiapo cha karani, nitakwenda Kamisheni au Chukwani au mahakamani, popote nitakapoitwa, na nitasema saa walizotoka. Wanajua ninapokaa.